Papa wa Matungu

Osundwa alipigwa mpaka uso ukapoteza sura. Jicho moja lilikuwa limefumba kabisa, midomo imepasuka, na sikio la kushoto lilishonwa na mtu wa zahanati ambaye, kwa kuangalia zile nyuzi, alikuwa na haraka ya kwenda kwingine. Wanakijiji walimkuta njiani jana alfajiri, panga lenye damu begani, wakamgeuza ngoma. Polisi walipofika, mwanakijiji mmoja alikuwa ameshaleta tairi na mwingine anaulizia kiberiti. Osundwa alikuwa mkata miwa mwenye mikono minene, lakini pale kituoni, kwenye kiti cha mbao, alikaa mabega yamelegea na macho sakafuni.

Inspekta Milcah Shikanga aliliweka panga mezani, ndani ya mfuko wa plastiki.

"Hili ni lako?"

"Ni rangu, Madam."

"Lina damu."

"Najua."

"Ya Anwar?"

"Hapana. Anwar sikumgusa. Mimi nakatanga miwa. Sikatangi watu."

Sajenti Khaemba, aliyeegemea mlango na kuuziba wote kwa kitambi chake, aliguna. Dakika chache kabla, mkuu wa kituo alikuwa amechungulia na kutoa agizo: mshtakini huyu leo, kabla watu hawajarudi na petroli. Kwa mkuu wa kituo kesi ilikuwa imekwisha. Mtu amekatwa katikati ya miwa, mwingine ameonekana karibu na panga, basi ni ugomvi wa wizi wa miwa. Milcah alimheshimu mkuu wake kama kanuni zinavyotaka, wala si zaidi ya hapo.

Yeye alikuwa ameuona mwili. Anwar alilala kifudifudi kati ya mistari ya miwa, mikono yote miwili imekatwa juu ya kiwiko. Daktari wa mochari kule Kakamega alisema hakukuwa na jeraha jingine la maana. Alikatwa akiwa hai, akaachwa atokwe na damu mpaka mwisho. Tena ndani ya majeraha mlikuwa na vibanzi vya mbao na chembe za chumvi, ile ya mawe. Mwenye kugombania miwa hakati mtu juu ya gogo lenye chumvi.

Na kulikuwa na jambo lililomnyima Milcah usingizi zaidi ya maiti. Nadia, mdogo wake Anwar, alitoka nyumbani pamoja na kaka yake usiku ule wa juzi na hajaonekana tena. Ndugu hawa wawili walizaliwa Mumias, wakaenda kufanya kazi pwani na kikundi kinacholinda papa, kisha wakarudi kwao na projekta na taya la papa ndani ya sanduku, wakawa wanazunguka shuleni na sokoni wakieleza habari za bahari. Watu waliwacheka. Bahari iko wapi na Matungu iko wapi? Maiti angeweza kumsubiri Milcah. Nadia, kama bado anapumua, hangeweza.

Alifungua mfuko, akainama juu ya panga, akanusa. Akamkabidhi Khaemba.

"Mkojo," Khaemba alisema, uso umekunjamana. "Wewe Osundwa, umekojolea panga lako?"

"Ni damu ya samaki."

"Samaki gani ananuka mkojo?" Milcah aliuliza.

"Mkubwa. Mrefu kama mtu. Anakujanga bira kichwa, bira mapezi. Mimi nakatakata tu, napewa changu, naenda."

"Unamkatia nani?"

Osundwa alitazama dirisha. Nje hapakuwa na mtu ila konstebo aliyekuwa akiosha gari, lakini aliangalia kama aliyeona jambo.

"Rudisha mimi serro, Madam."

"Ukikaa kimya utafungwa kwa damu ya mwingine."

"Nikifungwa nitakura. Nikisema, watoto wangu watakatwa kama ure samaki wa sinema."

"Sinema ipi?"

"Ya Anwar. Ire arionyesha sokoni."

Akainuka mwenyewe, akanyoosha mikono afungwe pingu. Milcah alimwacha akarudishwa seli, akamgeukia Khaemba, kwa kuwa Jumamosi ile Khaemba ndiye aliyelinda usalama sokoni.

"Ulikuwepo. Sinema ilikuwa na nini?"

"Watu kwenye mashua. Wanamvuta papa, wanamkata mapezi yote, halafu wanamtupa tena majini. Mzima, Madam. Anazama hivi hivi, hawezi kuogelea, anakufa polepole. Wamama walifunika macho." Khaemba alijikuna shingo. "Anwar akasema mapezi yana bei, mwili hauna, ndiyo maana wanautupa. Halafu akawaambia wakulima neno moja wakanyamaza. Akasema papa si muwa. Muwa ukikata unachipua. Papa anakaa miaka mingi kabla hajazaa, na akizaa ni watoto wachache. Ukimkata huyo umemaliza ukoo."

"Basi aliyemkata Anwar mikono aliitazama sinema hiyo mpaka mwisho," Milcah alisema. "Alikuwa anamjibu. Nani alikaa mbele?"

"Watoto. Na Hajji Ismael, baba yao mdogo. Yeye ndiye aliyetoa jenereta na hema."

*

Mwili wa Anwar ulikuwa umeshatoka mochari. Angezikwa baada ya swala ya alasiri, na boma la mama yake, upande wa Mumias, lilikuwa limejaa. Wanaume walikaa chini ya hema, wanawake ndani na uani. Kwa Waislamu wa kule nyumba yenye msiba haiwashi jiko. Majirani ndio wanaopika na kulisha watu. Sufuria zilikuwa zimepangwa ukutani kwa jirani, na obusuma, ugali wa kwao, ilipakuliwa bila kukoma.

Milcah alivua viatu, akaingia kwa wanawake. Umi, mama yake Anwar, alikaa mkekani, mgongo ukutani, kitambaa cheusi kichwani. Hakuwa analia. Alikuwa amefika mahali ambapo machozi hayaendi.

"Mama Anwar, pole sana."

"Milcah mwanangu." Umi alimshika mkono akaubana. "Huyu mmoja nimeshamrudisha kwa Mwenyezi Mungu. Nimeletewa bila mikono, nimempokea. Yule wa pili niletee akiwa anapumua. Sikuombi kingine."

"Nitamleta," Milcah alisema, na papo hapo akajilaumu, maana polisi hutakiwa kusema atajaribu. "Juzi jioni Anwar alikuwa na neno gani?"

"Alikuwa na hasira. Hasira ya samaki. Aliona samaki sokoni akarudi hapa anatetemeka." Umi aligeuza uso ukutani. "Mwulize Ismael. Tangu mume wangu afariki yeye ndiye baba yao."

Milcah alitoka. Khaemba alikuwa kwenye benchi na sahani mapajani, kwa sababu chakula cha msiba hakikataliwi, na kwa sababu yeye alikuwa Khaemba. Sahani ilikuwa imeng'aa.

"Umekula nini?"

"Obusuma na samaki, mbuta. Mtamu, ila ndimu imezidi."

"Miiba umeiweka wapi?"

Khaemba aliangalia sahani yake, akaangalia chini ya benchi. "Hakukuwa na mwiba."

Milcah alipitisha macho kwenye sahani za wengine. Watu wa kule huwajua wala samaki kwa kilima cha mifupa kinachobaki. Mgeni akiacha mfupa wenye nyama husemwa mwezi mzima. Siku ile sahani zote zilikuwa na makombo ya obusuma na ute wa mchuzi, basi. Paka watatu wa boma walizunguka kati ya miguu ya watu wakilia njaa. Akaenda kwenye sufuria, akachukua kipande, akakitenganisha kwa vidole. Katikati, badala ya uti wa mgongo, kulikuwa na gegedu laini la kutafunika. Akakipapasa ngozi kuelekea upande mmoja, ikateleza. Akakipapasa kinyume, ikamkwaruza kama msasa. Alikileta puani: ndimu, pilipili, na chini yake ule mkojo wa panga la Osundwa. Juu ya vyote kulikuwa na moshi wenye utamu, kama sukari iliyoungua.

Aliyekuwa akipakua alikuwa jirani mmoja aitwaye Rachael, mwanamke mnene wa maneno mengi.

"Samaki hawa wametoka wapi, dada?"

"Ni Hajji alileta jana na pikapu. Magunia mazima. Sisi tukasema Hajji atachinja ng'ombe, kumbe ni mbuta. Haya, si mkono mtupu haulambwi."

"Walikuja wakiwa wametolewa mifupa?"

"Walikujanga hivi hivi. Akasema wapikwe wote, waishe leo, kisilale kitu."

Mtu alikuwa anaondoa ushahidi, na alikuwa anauondoa kwa midomo ya waombolezaji. Walimla papa kwenye matanga ya kijana aliyekufa kwa ajili ya papa, wakamshukuru aliyeleta. Katika miaka yake yote ya upelelezi hakuwahi kumchukia mtu kabla ya kumhoji, ila siku hiyo alimchukia.

Hajji Ismael alikuwa amesimama karibu na jeneza, kanzu nyeupe, kofia ya kudarizi, akipokea pole za watu. Alikuwa na sauti ya upole ambayo ilimfaa sana sokoni.

"Assalamu alaykum, Hajji."

"Wa alaykumu salaam, binti. Umekula?"

"Nimeonja. Umewapata wapi samaki?"

"Port Victoria. Mbuta wa ziwani."

"Mbuta wako hana mifupa."

"Wapishi wameitoa."

"Wapishi wanasema waliwapokea hivyo."

Ismael alitabasamu kwa huzuni, akatazama waliokuwa karibu ili nao waone anavyoonewa. "Mwanangu amelala hapa bila mikono, wewe unanihoji mambo ya kitoweo?"

"Nadia yuko wapi?"

"Wasichana waliosoma huondoka na wanaume. Tutamsikia Nairobi. Osundwa mmemkamata, mfungeni. Sisi tuacheni tuzike."

Mwadhini akaadhini. Wanaume waliinuka, wakaenda kwenye ndoo na birika zilizopangwa kando ya tangi kutia udhu. Milcah alikuwa Mkristo wa kanisa la Friends, lakini alilelewa nyumba ya tatu kutoka msikitini, na utotoni aliwahi kutia udhu kwa mchezo na watoto wa jirani mpaka mama yake akamchapa. Aliyajua mambo yale kwa mpangilio wake. Akasimama kando, akawatazama.

Ismael aliosha viganja, akasukutua, akaosha uso. Akaukunja mkono wa kanzu wa kulia mpaka juu ya kiwiko, akauosha vizuri. Mkono wa kushoto hakuukunja. Alimwaga maji juu ya kitambaa kilichofungwa kifungo, harakaharaka, akapita kichwani.

Mtoto wa madrasa anajua maji lazima yafike kwenye ngozi. Huyu alikuwa amekwenda Makka, na anakwenda kuswalia maiti wa mtoto wa ndugu yake. Kama hawezi kuuweka wazi mkono mbele ya watu siku hii, basi mkono una jambo.

Milcah alipita katikati ya wanaume. Mmoja alisema kitu, mwingine akamwambia atoke. Alimshika Ismael kwenye kifundo cha mkono na kuuvuta mkono wa kanzu kwa nguvu, kifungo kikaruka. Kulikuwa na bandeji. Akaibandua. Chini yake nyama ilikuwa imechanika katika nusu duara mbili, na damu mbichi ilichuruzika ikachanganyika na maji ya udhu.

"Haya ni meno ya mtu," alisema kwa sauti ya kusikika hemani. "Anwar ameuawa juzi. Jeraha hili halijashika hata kigaga. Aliyekuuma, Hajji, amekuuma leo."

Umi alikuwa amesimama mlangoni. Aliusikia ule "leo" akashika mwimo wa mlango kwa mikono miwili.

"Mnamwacha mwanamke huyu avuruge janaza?" Ismael alipaza sauti. "Nyinyi ni wanaume?"

Jiwe la kwanza lilimpata Milcah juu ya nyusi. Damu ikamwingia jichoni. La pili lilimpiga Khaemba kifuani, naye akatoa bastola akafyatua hewani, watu wakalala chini, benchi zikaanguka, jeneza likayumba na vijana wanne wakalidaka. Katika vurugu hiyo Ismael alikuwa ameshatoa simu. Milcah alimpiga kwa kitako cha bastola mdomoni. Meno mawili yakatoka, simu ikaanguka, lakini neno lilikuwa limekwisha kwenda.

"Malizeni," alikuwa amesema.

Milcah alimkandamiza kwenye tangi, mtutu shingoni. "Wapi?"

Ismael alicheka na damu mdomoni. "Nipige mbele ya watu wote. Wakili wangu atafurahi."

Hangesema, na kumpiga zaidi kungepoteza muda wa Nadia. Milcah alimfunga pingu kwenye bomba la tangi, akawaachia konstebo wawili waliokuja nao. Akajilazimisha kufikiri. Nyama ya papa imeletwa kutoka pwani, mapezi yamebaki mahali fulani yakingoja kuvushwa mpaka wa Busia. Imekaushwa kwa chumvi na moshi. Moshi ulikuwa mtamu.

"Khaemba. Samaki hawa wamekaushwa kwa makapi ya miwa. Viwanda vidogo vya sukari nguru, ile ya mabonge, si vimefungwa vyote?"

"Vyote. Miwa ya kukamua haipo."

"Kipi kinatoa moshi?"

Khaemba alifumba jicho. "Kile cha njia ya mtoni, nyuma ya shamba alipotupwa Anwar. Tumepita asubuhi bomba linafuka. Nikadhani mlinzi anapika."

Walikuwa wameshaingia garini Umi alipowaambia waliobeba jeneza walirudishe chini.

"Hazikwi," alisema. "Mpaka mwenzake aje."

*

Lango la kiwanda lilikuwa la mabati. Khaemba aliliangusha kwa gari bila kupunguza mwendo. Ndani kulikuwa na mashine ya kukamulia miwa iliyoshika kutu, makarai makubwa ya kuchemshia, na tanuri linalowaka makapi. Juu yake, kwenye kulabu, walining'inia papa. Hawakuwa na vichwa wala mapezi. Walikuwa magogo ya nyama marefu, ya kijivu, yamepangwa safu kwa safu hadi mwisho wa banda, na harufu yao iliwasha macho. Mtu yeyote wa pwani angewajua. Matungu nani angewajua?

Kilio kilitoka nyuma ya safu ya mwisho.

Khaemba alitangulia. Dereva wa Ismael, jitu la Likuyani lililoitwa Tyson, alikuwa amempigisha Nadia magoti, mkono wake wa kushoto juu ya gogo jeupe kwa chumvi, panga limeinuliwa. Alipoona sare aligeuka na panga likashuka kwa Khaemba. Lilimwingia begani, likakwama kwenye mfupa. Khaemba alikaa chini, akalishika panga kwa mkono mzima ili lisitoke.

Milcah alifyatua, risasi ikazama kwenye papa. Tyson alizikumba kulabu kwa bega lake na safu nzima ikamjia Milcah, ngozi ikamchuna shavu na paji la uso, akaanguka chali. Bastola ilikuwa bado mkononi, ila buti la Tyson lilikuwa juu ya kifundo cha mkono huo. Alisikia mfupa ukilia. Tyson aliinama kuchukua kulabu.

Nadia aliinuka na kumrukia mgongoni. Alimng'ata shingo kwa meno yake yote, akaning'inia hapo, na Tyson akarudi nyuma akipiga mayowe na kumtupa ukutani. Kifundo kilikuwa huru. Milcah hakusubiri kulenga vizuri. Risasi ya kwanza ilipasua goti, ya pili ikaingia nyonga, na Tyson akaangukia mdomo wa tanuri, mkono ndani ya majivu ya moto. Ilimbidi Milcah amvute mwenyewe kwa mkanda wa suruali. Alifikiri kidogo kabla ya kumvuta, na hilo hakuliandika popote.

Kisha kukawa kimya isipokuwa Tyson akilalama.

Milcah alimfunga Khaemba bega kwa shati lake mwenyewe, akaita gari la wagonjwa, akarudi kwa Nadia. Msichana alikuwa amekaa kando ya gunia lililopasuka wakati wa mapambano. Mapezi yaliyokaushwa yalikuwa yamemwagika sakafuni, makubwa kwa madogo, pembetatu nyingi zenye chumvi. Kati yake ulikuwapo mkono wa mtu, pete ya fedha kidoleni. Nadia alikuwa ameuona. Aliufunika kwa mtandio wake kwa adabu, kama mtu anayemfunika aliyelala. Mkono wake mwenyewe wa kushoto haukuwa na kidole kidogo wala cha pete.

"Vidole vyako?"

"Asubuhi. Walitaka kujua video nimemtumia nani." Alitema damu ambayo haikuwa yake. "Baba mdogo alinishika kichwa ili nitazame. Hapo ndipo nilipompata."

"Mlifikaje hapa juzi?"

"Kaka alimwona papa nyundo sokoni. Kipande tu, ila ngozi aliijua. Wale wanalindwa, hakuna ruhusa ya kuwavua. Tukafuata pikapu ya baba mdogo mpaka hapa, tukarekodi kupitia mabati, tukarudi nyumbani. Kaka akasema tule kwanza, halafu twende polisi usiku uleule. Tulipotoka tu, Tyson na wenzake walikuwa wanatungoja njiani."

"Nani alijua mnakwenda polisi?"

Nadia aliurekebisha mtandio juu ya mkono ule.

"Mama," alisema hatimaye. "Alisema mambo ya nyumbani yamalizwe nyumbani. Alisema mtu hawezi kumpeleka baba yake mdogo kituoni kabla hajamwita wakaketi. Tukiwa tunakula nilimsikia chumbani anampigia simu." Akamtazama Milcah. "Si lazima uandike hilo."

Milcah alielewa alichoombwa. Alielewa pia kile ambacho wakili wa Ismael angesema mahakamani: usiku ule Hajji alikuwa nyumbani kwake, hakujua lolote mpaka Anwar alipokuwa ameshakufa, Tyson aliua kwa akili yake. Simu ile ndiyo iliyomfunga Ismael na usiku ule, na hapakuwa na kingine cha kumfunga nao.

Mtu aliingia langoni akikimbia. Umi, aliyemsikia Khaemba akikitaja kiwanda, alikuwa peku, ameacha kitambaa chake kwenye miwa, miguu inavuja damu. Alipita kando ya papa bila kuwaona, akapiga magoti, akamkumbatia bintiye, akampapasa uso, nywele, mabega, mikono. Alipofika kwenye vidole alisita. Akavibusu pale vilipokuwa vimekatwa. Akalia sasa, kwa sauti kubwa, na Nadia naye akalia.

Baadaye alinyanyua kichwa.

"Nadia. Ismael alikuwa ameshajua, sivyo? Kabla ya simu yangu. Kuna mtu alikuwa ameshamwambia."

"Alishajua, mama," Nadia alisema upesi. "Mlinzi alituona pale kwenye mabati. Alishajua."

Umi alimtazama mwanawe, kisha akamgeukia Milcah na kumtazama yeye kwa muda. Milcah alitaka kuangalia pembeni. Hakuna kazi mbaya kama ile ya kumwonea mtu huruma na kumwomba kitu wakati mmoja.

"Mama Anwar," alisema, "nitahitaji simu yako."

Umi alifungua fundo la leso kiunoni, akatoa simu, akamkabidhi kwa mikono miwili, kama mtu anavyompa mkubwa wake kitu.

"Ya juzi usiku iko humo," alisema. "Nilimwambia aongee nao kwa upole."